Pima mzigo kabla ya kununua springi

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni.)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami kamwe, ingawa kila siku kinapita mbele ya milango yetu kikiwa kimebeba simenti, mahindi, mafuta na soda. Kitu chenyewe ni springi ya tela. Najua kuna ambaye ameshanyoosha mkono kufunga redio, huku akisema, "Mimi sina tela, springi yanihusu nini?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Hata mimi sina tela. Lakini nina hakika kwamba springi moja ya tela ilivunjika kwa sababu yangu, na nusura ituulie mtu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana lori dogo na tela la ekseli moja. Kazi yake ni kuwapelekea watu vifaa vya ujenzi, kwani kama mjuavyo, watu wengi wa Dar es Salaam wanajenga Kibaha, Mlandizi na hata kupita huko. Mimi ni mmoja wao. Jumamosi moja nilipanda naye garini, tukitoka Dar es Salaam kupeleka simenti yangu Mlandizi. Nyuma, juu ya mifuko, alikaa utingo wake, kijana mpole asiyesema sana.

Barabara ilikuwa nzuri. Kutoka Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, imepanuliwa, na gari huteleza kama liko juu ya sakafu. Tulipofika Maili Moja, dereva akapunguza mwendo, maana pale watu ni wengi: abiria, wanafunzi, wachuuzi wa matunda, vijana wa bodaboda. Hapo ndipo niliposikia mlio kama wa bunduki. Tela likavuta kushoto. Mpwa wangu akashika breki, lakini tela liliendelea kwenda kushoto kana kwamba lina dereva wake, likatoka nje ya lami, likasimama juu ya meza ya mama mmoja muuza machungwa. Mama mwenyewe alikuwa ameruka. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala kwenye kanga, hatua tatu tu kutoka pale gurudumu liliposimama.

Hakuna aliyeumia. Machungwa tulilipa. Lakini mama yule, baada ya kumwinua mwanawe na kumkung'uta vumbi, alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Jamani, mlikuwa hamjui kama chuma hiki ni kibovu?"

Nilimwona utingo akiinamisha kichwa.

Basi, ndugu wasikilizaji, lori likipata ajali, mafundi hawakawii. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye mashine ya kuchomelea. Akachungulia chini, akasema, "Mzee, hii naichomelea nusu saa, mnaondoka." Wa pili alikuwa muuza vipuri vya mtumba. Alileta springi nene yenye kutu, akaidondosha chini ikatoa mlio mzito, akasema, "Hii ni ya lori la tani saba. Mkifunga hii, haitavunjika mpaka mfe." Mpwa wangu akaanza kuuliza bei.

Wa tatu hakuja, tulielekezwa kwake. Ni mzee mmoja mwenye gereji chini ya mkorosho, ndani kidogo ya barabara. Tulimwamkia, tukamweleza. Alikuja na futi kamba na kipande cha chaki, akalala chini ya tela kwa muda mrefu. Alipotoka, hakusema neno juu ya springi. Aliuliza, "Mzigo wenu kilo ngapi?"

Swali hilo lilikuwa bado halijaulizwa na yeyote.

Mpwa wangu akajibu, "Mifuko arobaini, mzee. Tani mbili." Na kweli tela hilo lilitengenezwa kwa tani mbili. Mzee akamgeukia utingo: "Mwanangu, hebu nihesabie." Utingo akatutazama, kisha akahesabu kwa sauti. Ikawa mifuko 60. Kila mfuko kilo 50. Zikawa tani tatu kamili.

Ndugu wasikilizaji, mifuko ile 20 ya ziada ilipakiwa kwa amri yangu mimi. Asubuhi mpwa wangu alisema, "Mjomba, tufanye safari mbili." Nami nikamjibu, "Safari mbili za nini? Pakia yote, ni hapo tu Mlandizi." Angewezaje kubishana na mjomba wake? Mzigo wa mwenzio, wahenga walisema, ni kanda la usufi.

Sasa nieleze nilichojifunza siku ile, maana kinafaa kwa kila mwenye tela, liwe la trekta au la lori kubwa.

Springi ya aina hii ni vipande vya chuma cha pua, virefu na bapa, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini. Tuviite majani. Katikati vimetobolewa na kushikwa kwa boliti moja, ambayo mafundi huiita senta bolti. Kisha vyote vimebanwa kwenye ekseli kwa boliti zilizopindwa, ziitwazo yubolti. Jani kuu, lile la juu, lina macho mawili kwenye ncha zake, na kwa macho hayo ndipo linaposhikwa kwenye tela. Kwa hiyo jani kuu lina kazi mbili. Linabeba uzito pamoja na wenzake, na ndilo pia linaloishika ekseli isiende mbele wala nyuma. Likivunjika mbele ya ekseli, kama letu lilivyovunjika, upande ule wa ekseli unarudi nyuma, magurudumu yanatazama pembeni, na tela linakwenda yanakotazama magurudumu. Letu lilitazama meza ya machungwa.

Mzee aliifungua springi, akatuonyesha sehemu ilipokatika. "Soma hapa," akasema. Nusu ya jeraha la jani kuu ilikuwa nyeusi kwa kutu. Nusu nyingine iling'aa kama fedha. Iliyong'aa ni ya siku hiyo. Yenye kutu ni ya wiki nyingi nyuma: ufa ulianza zamani, maji ya mvua yakaingia, chuma kikaendelea kubeba kwa nusu yake. Chini ya jani hilo palikuwa na jingine, nene kuliko yote, nalo lilikuwa limekatika kabisa kwenye tundu la senta bolti, na jeraha lake lote lilikuwa na kutu. Hilo lilivunjika kwanza, tena siku nyingi zilizopita.

Hapo mpwa wangu akakiri. Miezi mitatu nyuma tela lilikuwa linalala chini sana likipakiwa. Fundi mmoja akamshauri aongeze jani moja la lori kubwa upande wa kushoto. Tela likasimama vizuri, akafurahi. Baada ya wiki kadhaa likaanza kulala tena kushoto. Utingo akamwambia, "Bosi, tela linalala." Bosi akamjibu kwamba ni barabara.

Mimi niliuliza swali ambalo pengine nawe unaliuliza: iweje jani nene livunjike kabla ya majani membamba? Mzee alinijibu kwa fito mbili alizookota chini, moja nyembamba na moja nene. Akazipinda kwa kipimo kimoja. Nyembamba ikakubali, nene ikaalika. Ndivyo ilivyo kwenye springi. Majani yaliyobanwa pamoja hupinda pamoja. Katika kupinda huko, jani lenye unene mkubwa ndilo ngozi yake inayovutwa zaidi. Tena hujitwalia mzigo mwingi, maana ugumu wa jani hauongezeki kwa hesabu ya kawaida. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unakuwa mara nane. Majani ya tela letu yalikuwa na milimita 10, na lile la kuongeza milimita 14. Kwa hesabu hiyo jani moja lilikuwa na ugumu wa karibu majani matatu. Lilibeba kazi ya wenzake, likachoka, likakatika. Na lilipokatika likamwachia jani kuu mzigo ambao halikuumbiwa.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, springi haichaguliwi kwa kuipiga chini na kusikiliza mlio wake. Inachaguliwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nne.

Chukua uzito wa mzigo utakaobeba kweli. Ongeza uzito wa tela lenyewe. Toa uzito wa vitu ambavyo springi haivibebi, yaani ekseli, magurudumu na springi zenyewe; hivyo hukaa moja kwa moja juu ya matairi. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya springi. Tela letu likiwa tupu lina kilo 600. Ekseli na magurudumu ni kama kilo 200. Zinabaki 400. Ongeza simenti kilo 2,000, unapata 2,400. Springi ni mbili, basi kila moja inabeba kilo 1,200. Tafuta springi iliyotengenezwa kwa uzito huo au kuuzidi kidogo. Siku ile, kwa mifuko yangu 60, kila springi ilibebeshwa kilo 1,700.

"Basi tufunge za kilo 1,700," nikasema. Mzee akacheka. Akanionyesha ubavu wa tairi, ambapo pameandikwa uzito ambao tairi linaweza kubeba. Akanionyesha ekseli, akanionyesha habu zenye beringi ndani, akanionyesha breki. Akaniuliza, "Na hivi navyo utabadilisha?" Uwezo wa tela ni uwezo wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiimarisha springi peke yake, umehamisha tu mahali pa kuvunjika. Kesho litapasuka tairi, au itakatika chesisi, na huenda isiwe Maili Moja kwenye mwendo mdogo, bali mteremkoni.

Tena springi ngumu kupita kiasi ina ubaya wake hata pasipo na mzigo. Tela tupu linarukaruka kama mbuzi, matairi yanaacha kugusa lami, breki zinashika hewa. Springi nzuri, tela likiwa limepakiwa kamili, hukaribia kunyooka, huku ikibakiwa na nafasi ya kushuka gurudumu linapoingia shimoni.

Baada ya uzito ndipo kinapokuja kipimo. Mzee alipima springi ya upande wa kulia, iliyokuwa bado nzima. Alipima urefu wa jani kuu kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jicho la pili, futi kamba ikifuata mpindo wa chuma. Kisha akapima kutoka senta bolti hadi kila jicho, kwani springi nyingine haziko sawa pande mbili, na ukiifunga ya sawa mahali pa isiyo sawa, ekseli itakaa kombo. Akapima upana wa majani, akahesabu idadi yake, akapima unene wa kila moja. Akapima tundu la jicho bila bushi. Akatazama ncha: kuna springi zenye macho pande zote mbili, na kuna ambazo upande mmoja hauna jicho bali unateleza tu mahali pake. Mwisho akapima unene wa ekseli na kutazama kama ni ya mviringo au ya mraba, kwa ajili ya yubolti. Yote akayaandika kwa chaki ubavuni mwa tela. Upinde tu hakuupima. Alisema springi iliyochoka imeshanyooka, na ukiagiza upinde wa iliyochoka utaletewa mpya iliyozaliwa mzee.

Na springi ya mtumba je? Mzee hakuikataa. Alisema wapo wasio na uwezo wa kununua mpya. Lakini chuma huchoka kama mtu, na uchovu wake hauonekani kwa macho. Kama huna budi, ifungue majani yote, yasugue, yapake mafuta ya taa, yaache kidogo, yafute yakauke, kisha paka chaki kuzunguka tundu la katikati na karibu na macho. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Jani lenye mstari halifai tena kubeba mzigo. Mpelekee mhunzi akutengenezee panga. Hiyo ndiyo kazi iliyolibakia.

Juu ya kuchomelea, alikuwa mkali. Chuma cha springi kimepata nguvu zake kwa kuchomwa na kupoozwa kwa kipimo kiwandani. Ukikipiga moto wa kuchomelea, pale palipoungua panakuwa kama kioo, na pembeni yake panalegea. Kitashika hadi utakapofika mahali pabaya.

Tela lilikaa chini ya mkorosho siku mbili. Springi mbili mpya zilitengenezwa Dar es Salaam kwa vipimo vile vya chaki. Mbili, maana springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili ni kumvalisha mtu kiatu kimoja chenye kisigino. Yubolti nazo zikawa mpya, kwani zikishakazwa mara moja hunyooka, wala hazishiki tena kama mwanzo. Na mzee akamwambia mpwa wangu arudi baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, zikazwe upya. Yubolti iliyolegea ndiyo inayovunja springi kwenye tundu la katikati. Gharama ilikuwa kama mara mbili ya ile springi ya tani saba. Nusu nililipa mimi.

Njiani mpwa wangu alinung'unika, nami sikumlaumu. "Mjomba, nikibeba mifuko 40 tu, mafuta yanakula faida. Nikikataa 60, mteja anamwita mwingine." Ni kweli. Mwenye tela hajipakilii mzigo mkubwa kwa kupenda. Anapakia kwa sababu sisi tunaomlipa tunahesabu safari, hatuhesabu kilo. Tangu siku ile ameanza kutoza kwa mfuko badala ya safari. Mteja mmoja amemkimbia. Wengine wamebaki.

Mambo haya hayaishii kwenye matela madogo. Barabara hiyo hiyo ya Morogoro inapitisha matela marefu ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika kwetu Machi 1, 2019, imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari na tela lake, na tani 24 kwa ekseli tatu zinazofuatana zenye matairi pacha. Ukipita Vigwaza utaona malori yakipangwa kwenye mizani. Wapo wanaodhani kwamba kuongeza majani ya springi kunasaidia. Kunasaidia tela lionekane limesimama wima, basi. Uzito haupungui hata kilo moja. Tena unaongezeka, maana majani hayo nayo ni chuma. Na lami haidanganyiki. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hupanda kwa kasi mno kuliko uzito wake: ukizidisha uzito mara mbili, madhara ni kama mara 16. Mashimo tunayoyalaani tunachimba wenyewe.

Ndugu wasikilizaji, tela lililolala upande linasema. Linasema, "Mmenizidishia," au linasema, "Nimevunjika." Kuongeza jani ili lisilale ni kumziba shahidi mdomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na siku nyingine ukuta huo ni wa kaburi.

Basi nawaomba mambo matatu. Mwenye tela, kabla hujauliza bei ya springi, jua kilo za mzigo wako, kisha pima kwa futi kamba. Bosi, utingo wako akikuambia tela linalala, shuka ukatazame. Yeye ndiye anayekaa juu ya mzigo. Nasi tunaojenga, tunaohama, tunaosafirisha mahindi kutoka shamba, tukiambiwa "tufanye safari mbili", tukubali, au tutafute simenti ya kutosha safari moja. Tusiseme, "Pakia yote, ni hapo tu."

Mama yule wa machungwa bado yupo pale Maili Moja. Kila nikipita nasimama nanunua kwake. Hajaniuliza tena lile swali. Nami sijamjibu, kwa maana jibu lake ni kwamba tulijua: chuma kilikuwa kimesema, na utingo alikuwa amesema.

Kwaherini, hadi juma lijalo.